Chanjo ya AHS ya Onderstepoort: Kinga Nzuri Inayokula Wiki Sita za Mazoezi

Hukumu kwanza. Kwa mwenye farasi kusini mwa Afrika, chanjo hii ya ugonjwa wa farasi wa Afrika (AHS kwa kifupi), unaoenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaonyonya damu, haina mjadala: inunue. Lakini katika chanjo zote anazochomwa farasi wa mashindano, hakuna iliyo ngumu kuipangia ratiba kama hii. Gharama yake kubwa haimo kwenye risiti ya daktari, imo kwenye kalenda ya mazoezi, na ni karibu wiki sita za kazi nyepesi kila mwaka. Anayezitenga mapema hapotezi kitu cha maana. Anayeichoma katikati ya maandalizi, kisha siku ya saba akampandisha farasi mlima kwa sababu anamwona mchangamfu, huyo ndiye huja baadaye kuilaumu chanjo.

Inatengenezwa na Onderstepoort Biological Products, OBP kwa kifupi, kampuni ya serikali ya Afrika Kusini iliyoko kaskazini mwa Pretoria. Ni pale pale ambapo Arnold Theiler alianzisha maabara yake mwaka 1908, na ugonjwa wa farasi wa Afrika umekuwa ukichunguzwa hapo tangu enzi zake. Ndani yake kuna virusi hai vilivyodhoofishwa na kukaushwa kuwa unga. Daktari huuyeyusha unga huo kwa kimiminika chake muda mfupi kabla ya kuchoma, na sindano huingia chini ya ngozi ya shingo.

Inakuja katika vichupa viwili visivyofanana, na hapa ndipo wanunuzi wapya hukosea. Kichupa cha kwanza kina aina ya 1, ya 3 na ya 4 za virusi. Cha pili kina ya 2, ya 6, ya 7 na ya 8. Kwa hiyo cha pili si marudio ya cha kwanza. Farasi aliyechomwa kimoja akaachwa hapo amekingwa nusu tu, hata kama pasipoti yake, kitabu kinachoandikwa chanjo zake, ina muhuri. Aina zinazojulikana za virusi hivi ni tisa, na ya 5 na ya 9 hazimo kabisa. Ya 5 iliondolewa kwa sababu ya madhara iliyoyaleta, na badala yake hutegemewa kinga inayovuka kutoka aina ya 8. Ya 9 hutegemea kinga ya aina ya 6. Mpango huo umefanya kazi kwa miaka mingi, ila ni vizuri mnunuzi ajue kwamba aina hizo mbili zinakingwa kwa mkono wa pili.

Kati ya vichupa hivyo ziachwe wiki tatu kamili au zaidi, wala msishawishike kuzifupisha ili muwahi mashindano. Virusi vilivyo hai huzaliana mwilini kwanza ndipo kinga ijengeke. Ukileta vingine kabla vya awali havijamaliza kazi, vinaingiliana, na kinga ya vile vya pili hutoka dhaifu.

Kuzaliana huko ndiko chanzo cha masharti yote ya mazoezi. Kwa chanjo ya virusi vilivyouawa, kama nyingi za mafua, mwili huchokozeka siku moja au mbili ukatulia. Hii hupita kimya siku chache za mwanzo, halafu kati ya siku ya tano na ya kumi na tatu joto la mwili linaweza kupanda. Farasi wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Wachache hupata homa ndogo, hula kwa uvivu, huwa wazito mguuni. Hatari inamjia yule anayefanyishwa kazi ngumu katika siku hizo. Joto analotengeneza kwa misuli linajumlika na homa, moyo na mapafu vinabeba mzigo ambao mpandaji haujui, na kinga yenyewe hudhoofika, maana kazi ya kuchosha kupita kiasi hupunguza uwezo wa mwili kujilinda.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii. Asubuhi ya chanjo mpime joto kabla daktari hajavunja kizibo. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya nyuzi 37.2 na 38.3, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akiwa na 38.5 au zaidi, ahirisha. Akishachomwa, saisi, yaani mtunza farasi, akae naye nusu saa akitazama, kwa sababu mzio mkali, ukitokea, hutokea mapema: jasho la ghafla, vipele vinavyovimba, kuhema, kuyumba. Siku hiyo na inayofuata atembezwe kwa mkono dakika 20. Siku ya pili hadi ya nne apandwe kwa kutembea tu, nusu saa. Siku ya tano hadi ya kumi na nne abaki kwenye kutembea, dakika 30 hadi 40 penye kivuli au hewa ya ubaridi, bila mlima na bila jasho. Akitoka jasho, mmezidisha.

Kipimajoto kitumike asubuhi na jioni siku zote kumi na nne, na kipimo cha asubuhi kichukuliwe kabla ya tandiko kutoka ghalani. Tunasisitiza utaratibu huo kwa sababu ya tabia ya watu: farasi akishatandikwa, hakuna anayependa kumtandua kwa ajili ya nusu nyuzi. Namba ziandikwe kwenye karatasi mlangoni mwa banda, saa na jina la aliyepima. Ikifika 38.5, siku hiyo hakuna kazi hata ya kutembea. Ikipita 39, au ikidumu zaidi ya siku moja, mwiteni daktari. Wala asipewe dawa ya kutuliza maumivu kama fenilibutazoni kabla hajaonwa, maana hushusha homa na kuficha picha yote.

Siku ya 15 hadi ya 20 ni dirisha dogo la kupumua. Kama joto limekuwa sawa, ongeza telki, yaani mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia, vipande vitatu vya dakika tano tano, kutembea katikati. Shoti, yaani mbio, bado. Wengi hujaribu kuzitumia siku hizi kurudisha walichokosa, kumbe haziwezi kurudisha chochote. Kazi yake ni kulegeza viungo tu. Siku ya 21 au baada yake kinakuja kichupa cha pili na mzunguko unaanza upya, siku nyingine kumi na nne za kutembea. Hapo mmefika siku ya 35. Wiki ya sita ni ya telki ya dakika 20 hadi 30 kwa jumla na shoti fupi za taratibu penye ardhi laini, na mwishoni mwake farasi mzoefu anakuwa tayari kwa kipindi cha kwanza cha mbio. Katika kurudi, ongezeni jambo moja kwa wakati mmoja: umbali, au kasi, au mwinuko. Wanaoongeza mawili pamoja huwa wanakutana na kano zilizovimba.

Je, farasi hapotezi nguvu? Swali hili ndilo huwafanya wafundishaji wakwepe chanjo, na hofu yao ni kubwa kuliko ukweli. Pumzi ya farasi aliyefundishwa vizuri hushuka polepole. Wiki mbili tatu za kazi nyepesi humwondolea kidogo sana, tofauti na mwanariadha wa miguu miwili ambaye hulegea mapema zaidi. Kinachopungua haraka ni makali ya kasi, na hayo hurudi haraka vilevile. Afadhali kuogopa chakula.

Farasi wa kilo 450 aliye katika mazoezi makali hula kilo kadhaa za nafaka kwa siku. Kazi ikikatwa ghafla na nafaka ikabaki ile ile, siku anaporudishwa telki misuli ya kiuno na mapaja inaweza kukakamaa. Anasimama, anatoka jasho, hataki kusogea, na mkojo unageuka rangi ya kahawa. Watu husema ni chanjo, na chanjo haihusiki. Siku ya kuchomwa nafaka ipunguzwe kwa nusu au zaidi, nafasi yake ichukuliwe na nyasi kavu kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake, yaani kilo 7 hadi 9 kwa huyo wa kilo 450. Chumvi na maji visipungue. Nafaka irudi kidogo kidogo nyuma ya kazi, isiitangulie. Katika kutathmini chanjo hii tungetamani onyo hilo liandikwe ndani ya kisanduku chenyewe, kwa sababu ndilo kosa linalorudiwa sana mazizini.

Sasa tarehe. Katika eneo la jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, linalodhibitiwa ili kuzuia AHS, sheria inaruhusu chanjo hii kati ya tarehe 1 Juni na 31 Oktoba, tena kwa kibali. Sababu haipendezi kuisoma kwenye tathmini ya bidhaa, lakini lazima isemwe. Virusi vya chanjo vinaweza kunyonywa na usubi kutoka kwa farasi aliyechanjwa, vikarudia ukali wao au vikachanganya vinasaba, vikaambukiza wengine. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba milipuko kadhaa ndani ya eneo hilo, ukiwemo wa mwaka 2014, ilitokana na virusi vyenye asili ya chanjo. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote wa bidhaa hii. Wakati wa baridi usubi ni wachache, hivyo dirisha la Juni hadi Oktoba hupunguza hatari, na hata nje ya eneo hilo madaktari wa Afrika Kusini hushauri miezi hiyo hiyo.

Kwa michezo, dirisha hilo lina bahati na mikosi yake. Mbio za masafa marefu za Fauresmith, za siku tatu na zaidi ya kilomita 200, kwa desturi huangukia katikati ya mwaka. Farasi akitoka huko anahitaji kupumzika hata kama hakuna chanjo, kwa hiyo likizo yake na wiki za chanjo zinaweza kuwa kitu kimoja. Asichomwe mara tu anaporudi. Mwili uliokamuliwa kiasi hicho haujengi kinga vizuri, mpeni wiki mbili. Wenye farasi wa mbio za kasi wana kazi zaidi, kwa kuwa mbio kubwa za Durban July hukimbiwa mwanzoni mwa Julai kwenye uwanja wa Greyville, na hakuna mfundishaji atakayemchoma farasi wake wa huko mwezi Juni. Hao huanza baada ya msimu huo, na wanapaswa kuanza mara moja. Kichupa cha pili kikisogezwa hadi mwisho wa Oktoba, kinga bado inajengeka huku mvua zimeshaanza kuleta usubi.

Mfano wa kalenda kwa farasi wa kuruka viunzi au wa masafa marefu: kichupa cha kwanza 20 Julai, cha pili 12 Agosti, kazi ya kutembea inaisha 26 Agosti, chanjo ya mafua na pepopunda 9 Septemba, mashindano kuanzia Oktoba. Shule ya upandaji isiyoweza kusimamisha farasi wote iwagawe makundi mawili, la pili lianze siku ya 36 ya lile la kwanza. Makundi yote mawili yanamaliza ndani ya wiki 11 hivi, na dirisha lina siku 153. Siku ya kuchoma ichaguliwe mwanzoni mwa wiki, daktari akiwa kazini kwake. Ijumaa jioni ni mazoea mabaya tu.

Chanjo ya mafua tumeiweka wiki nne baada ya kichupa cha pili kwa makusudi. Madaktari wengi hawapendi kuichanganya na ya AHS, na farasi akipata homa mtataka kujua imetoka wapi. Bidhaa zinazotumika sana ni Equip FT, Equilis Prequenza Te na ProteqFlu-Te. Zote tatu huunganisha mafua na pepopunda na huchomwa ndani ya msuli: mililita 2 kwa Equip FT, mililita 1 kwa hizo nyingine. Kwa mfundishaji ni rahisi kuishi nazo. Siku mbili za kutembea, siku ya tatu au ya nne kazi ya kawaida kama hana homa, na kazi ngumu baada ya wiki. Kero yake ni shingo kuuma. Sindano ikae kwenye pembetatu iliyo mbele ya bega, juu ya mifupa ya shingo na chini ya ukano mkubwa wa juu. Ikikosea mahali, farasi hataki kuinama wala kukunja shingo kwa hatamu, hivyo siku mbili hizo pandisheni ndoo ya maji na nyasi hadi kimo cha kifua.

Ugumu wa mafua uko kwenye karatasi. Kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, zinataka chanjo ya mwisho iwe ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya farasi kufika kwenye mashindano, na asiwe amechanjwa katika siku 7 za kabla ya kufika. Kwa mfano wetu, aliyechanjwa 9 Septemba anapaswa kurudia kabla ya tarehe 30 Machi kupita. Mbio za Uingereza zina masharti makali pia: dozi ya pili siku 21 hadi 60 baada ya ya kwanza, ya tatu siku 120 hadi 180 baada ya ya pili, kisha kila miezi 6. Siku moja ikipitiliza, dozi za msingi zinaanza upya, na farasi anakaa nyumbani. Wala muhuri haumaanishi hawezi kuugua. Februari 2019 mbio Uingereza zilisimamishwa siku sita baada ya mafua kugunduliwa kwa farasi waliokuwa wamechanjwa.

Turudi kwenye AHS, maana yale yale yanaihusu. Kozi moja haimpi farasi mchanga kinga kamili dhidi ya aina zote saba. Inajengeka mwaka hadi mwaka, na baada ya kozi tatu au zaidi ndipo farasi huhesabiwa kuwa amekingwa vyema. Mtoto wa jike aliyechanjwa asubiri afikishe miezi sita, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama huiua chanjo kabla haijashika. Jike mwenye mimba changa asichomwe. Ugonjwa wenyewe hausamehi: ule wa mapafu huua karibu farasi wote wanaoupata, mara nyingi ndani ya saa chache, povu likiwatoka puani, na ule wa moyo, unaotambulika kwa uvimbe wa mashimo yaliyo juu ya macho, huua takribani nusu. Farasi aliyechanjwa akivimba hapo, wiki yoyote ile, asitolewe bandani. Damu ichukuliwe kwenye chupa yenye EDTA, dawa inayozuia damu kuganda, ikapimwe, kwani maabara inaweza kutenganisha virusi vya chanjo na vya porini.

Kwa hiyo chanjo haimwondolei mtu kazi ya kuzuia usubi, na kazi hiyo nayo inagusa mazoezi kuliko watu wanavyokubali. Usubi huuma tangu magharibi hadi alfajiri. Ndio muda huohuo ambao wapandaji wa masafa marefu hupenda kutoka, wakikimbia jua. Kuanzia Februari hadi Mei, miezi ya hatari kubwa Afrika Kusini hadi jalidi ya kwanza ianguke, farasi awe ndani saa mbili kabla ya jua kuzama na atoke saa mbili baada ya kuchomoza. Mazoezi yasogee saa tatu asubuhi, yafupishwe, na maji ya kummwagia yawe tayari mwisho wa njia. Feni bandani husaidia kuliko wengi wanavyodhani, maana usubi hawawezi kuruka dhidi ya upepo. Wavu wa kawaida wa mbu una matundu makubwa mno kwao.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania wasiichukue kalenda ya Afrika Kusini kama ilivyo. Hatuna jalidi ya kuua usubi, tuna mvua mbili, na pundamilia hubeba virusi hivi bila kuugua. Mantiki inayofaa kuazimwa ni moja: vichupa vyote viwili viwe vimemalizika wiki kadhaa kabla ya mvua za masika, jambo linaloziangusha wiki sita zetu kwenye Januari na Februari. Kenya ina chanjo yake, Horsevax ya KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo. Kabla ya kupanga lolote someni lebo, inabeba aina zipi na inachomwa mara ngapi, kwa sababu hesabu ya vichupa viwili iliyoelezwa hapa ni ya OBP peke yake. Kuingiza ile ya Onderstepoort kunahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo ya nchi husika, kama chanjo yoyote ya virusi hai.

Tukiipa alama, tunaipa saba kwa kumi. Inapoteza moja kwa ratiba yake nzito na mbili kwa tatizo la virusi kurudia ukali. Agizeni kupitia daktari miezi miwili kabla, kwa kuwa kuna misimu ambayo upatikanaji umekuwa wa kusuasua, na hakikisheni vichupa vyote viwili viko mkononi kabla cha kwanza hakijachomwa. Visafirishwe kwenye kisanduku chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na jua. Namba ya toleo ya kila kichupa ibandikwe kwenye pasipoti siku hiyo hiyo, daktari akiwa bado uwanjani.